Mama Mkwe Katika Chumba cha Chuma

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla mtu yeyote hajafika kupimwa, mimi hujipima mwenyewe. Ni utaratibu wa maabara yetu. Mtu ambaye mwili wake unajulikana hulala kitandani, mlango hufungwa, na mashine humsoma kwa dakika ishirini. Ikimsoma kama ilivyomsoma mwezi uliopita, basi mashine ni nzima. Kwa miaka minane mtu huyo amekuwa mimi. Uzito wangu haubadiliki, siwindi, sili nyama ya porini, na chakula changu cha mchana ni kilekile. Mkuu wa maabara, mama wa Kiswidi aliyekaribia kustaafu, huniita rula yake.

Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, rula ilikuwa imerefuka.

Nieleze kwanza tunachopima. Kuna watu ambao miili yao imebeba vumbi la nyuklia bila wao kulihisi: wawindaji, wafugaji wa paa wa kaskazini, wapenda uyoga, wakati mwingine mafundi wa mitambo ya umeme wa nyuklia. Ajali ya Chernobyl ilipotokea, upepo ulilileta vumbi hilo hadi Uswidi, na mvua ikaliangusha juu ya misitu, hasa pande za Gävle, kaskazini mwa Stockholm. Sehemu yake inayodumu inaitwa sesiamu. Imo bado kwenye udongo wa msitu. Uyoga unainyonya, mnyama anakula uyoga, mtu anakula vyote viwili. Mwilini sesiamu hutawanyika kwenye misuli na kutoa mionzi kidogo kidogo hadi itoke kwa mkojo. Mashine yetu haitoi mionzi yoyote. Inahesabu ile inayotoka kwa mtu. Ili isihesabu ya mahali pengine, imewekwa ndani ya chumba ambacho kuta zake ni za chuma cha zamani, kilichofuliwa kabla dunia haijaanza kulipua mabomu ya nyuklia hewani, kwa hiyo hakina vumbi lake.

Nilifika katika chumba hicho nikiwa na ndoo na ufagio. Nilikuja Uswidi kusomea uungaji vyuma, masomo yakaisha, nikaoa, nikapata kazi ya usafi. Nilipokuwa nafuta meza za maabara nilikuwa nasoma vijitabu vya mashine vilivyoachwa wazi, na maneno nisiyoyajua nilikwenda kuyatafuta kwenye maktaba ya Hässelby, ninakoishi. Fizikia niijuayo nimejifundisha kwa njia hiyo, kwa miaka kumi, kwa penseli na daftari. Siku moja mkuu alikuta nimesahau daftari langu juu ya meza yake. Baada ya wiki mbili akaniuliza kama nataka kujifunza kazi.

Jumatatu ile, basi, mchoro wa mionzi yangu kwenye skrini ulikuwa na vilele viwili badala ya kimoja. Kimoja cha potasiamu, ambacho kila binadamu anacho, kwa sababu potasiamu imo kwenye viazi, ndizi, maharagwe na damu. Na pembeni yake, mahali ambapo kwangu huwa pamelala tambarare, kilele cha sesiamu. Kidogo, lakini kimesimama.

Nilifanya kama inavyotakiwa. Nilipima chumba kitupu: safi. Nilipima chanzo cha majaribio, kipande ambacho mionzi yake inajulikana: sawa. Nilioga, nikabadili gauni la maabara, nikalala tena. Kilele kilikuwa palepale. Nikakaa kwenye kiti na kuandika daftarini kila nilichokula tangu mwezi uliopita. Nyumbani nilikuwa nakula mlo mmoja tu, wa jioni. Mke wangu alikuwa anakula pale pale nyumbani mara tatu kwa siku, maana alikuwa amepewa likizo ya kupumzika. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mbili za kabla yake ziliharibika.

Niliporudi nyumbani nilimkuta amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto. Nilimwuliza kuna nini kwenye mchuzi wetu wa siku hizi.

"Karanga. Chumvi. Uyoga ya Mama."

"Uyoga gani?"

Alinyanyua kichwa. "Ule anatwanga. Hukujua? Unasifia kila siku."

Sikujua. Nilidhani ule utamu mzito ni wa samaki wakavu. Kuelewa jinsi mtu wa kazi yangu anavyoweza kula uyoga wa msituni mwezi mzima bila kujua, inabidi kuelewa nyumba yetu. Mama mkwe alikuja kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, majira ya baridi yaliyopita, mimba ya pili ilipoharibika, kumsaidia binti yake. Mimi ni Mnyamwezi. Kwetu na kwao desturi ni moja: mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe kama hakuna mtu wa tatu, hali naye sahani moja, haingii anapolala, hamwoni akiwa hajajifunga vizuri. Katika nyumba ya vyumba vitatu yenye bafu moja, desturi hiyo tuliishi nayo kama ratiba ya treni. Nilikohoa kabla ya kuingia kwenye ujia. Yeye akiwa jikoni, mimi sebuleni. Chakula kilinifikia kwenye trei mkononi mwa mke wangu. Uyoga ulikuwa unakaushwa kwa kamba juu ya kipasha joto cha chumba cha Mama, na mlango wa chumba kile sijawahi kuupita.

Mke wangu alinieleza mengine. Mwezi wa tisa Mama alikwenda msituni mara nne na kina mama wa kanisani, kwa gari dogo la muumini mmoja, mbele ya Uppsala, karibu na Gävle. Walichuma uyoga wa rangi ya hudhurungi, wenye kofia iliyokunjamana, unaofanana na mmoja wa kwao. Ulikuwa mwingi ajabu, kwa sababu Waswidi waliupita bila kuugusa.

"Anaupikaje?"

"Anaulowesha, anautwanga, anaweka mu karanga."

"Na maji ya kuloweshea?"

"Maji ndiyo mchuzi, Papa. Utamu iko mu maji." Papa ndivyo anavyoniita mimi, mumewe.

Alinipa konzi moja ndani ya bahasha, kutoka kwenye kopo la Mama. "Usimwambie kitu kwanza," alisema. "Ujue kwanza."

Kesho yake, kabla ya kazi, niligawa konzi ile mafungu mawili. La kwanza nilipima likiwa kavu. La pili nililowesha usiku kucha, siku iliyofuata nikalikamua, nikapima maji peke yake na uyoga peke yake. Sitaandika tarakimu hapa, maana mtu akizisoma bila kujua kipimo huogopa zaidi au huogopa kidogo kuliko inavyofaa. Nitasema tu kwamba uyoga mkavu ulikuwa miongoni mwa vitu vikali nilivyowahi kuweka kwenye kikombe chetu cha kupimia, kilichozungushiwa madini ya risasi, na kwamba sehemu kubwa ilikuwa imehamia kwenye maji. Waswidi wanaokula uyoga huo huuchemsha na kumwaga maji. Sisi tulikuwa tunatumia maji na kuyasindikiza na uyoga.

Jumamosi mchana niliomba tukae wote watatu sebuleni. Mama alikaa kwenye kiti cha mlangoni, uso kauelekeza dirishani, kama anavyokaa ninapokuwepo. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, aliyelima mihogo maisha yake yote na kuvuka mpaka wa nchi yake mara tatu kwa miguu. Nilimwamkia. Shikamoo si neno la kwao, lakini alishazoea kuipokea kama mtu anavyopokea zawadi asiyojua matumizi yake.

"Jambo, mukwe. Sema."

Nikaeleza. Mvua, udongo, uyoga, maji. Nilikuwa nimeandika hoja zangu kwenye karatasi ili nisipotee.

"Mvua ya wapi?" aliuliza.

"Ya hapa, Mama. Zamani kidogo, kabla hatujafika."

"Na Bazungu banajua?"

"Wanajua."

"Na banakula?"

"Wengine wanakula. Lakini wanachemsha, halafu wanamwaga maji."

Akacheka kwa sauti, akampiga binti yake goti. "Kumwanga maji! Sasa banabakiza nini? Banakula kamba ya kiatu?"

"Mama, wacha kucheka," mke wangu alisema. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo.

Mama akauona ule mkono. Kicheko kikakatika. Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane aliniangalia usoni moja kwa moja.

"Mukwe. Unasema niko namulisha mutoto wangu sumu?"

"Sisemi hivyo. Nasema nataka kupima. Kiasi kikiwa kidogo, hakina madhara, na mwili unakitoa wenyewe. Sijui ni kiasi gani. Mimi nakula kidogo. Ninaomba," nikamgeukia mke wangu, "uje Jumanne nikupime. Haiumi. Si kama eksirei. Mashine inasikiliza tu."

"Siendi," alisema.

"Ni dakika ishirini."

"Nimesema siendi." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Mara mbili nimelala ku kitanda, mu chumba ya giza, mtu ameshika mashine. Mara mbili alikuwa anaongea, halafu akanyamaza. Unakumbuka? Unakumbuka vile alinyamaza? Sitaki sasa mwenye kunyamaza akuwe weye."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda mara zote mbili.

Kisha Mama akajifunga upya kitenge chake, akasimama. "Tunakula sufuria moja. Mimi ndiyo nakula mingi, mimi napika naonja, napangusa sufuria. Kama mimi niko muzuri, na yeye iko muzuri. Nitaenda mimi."

Jumanne tulipanda treni ya kijani kutoka Hässelby. Mama alikaa siti moja, mimi nikakaa siti ya nne kutoka kwake, upande wa pili, ili tuonekane tuko pamoja na tusiwe pamoja. Alivaa viatu vya kanisani. Kitenge juu ya sketi, kitenge kingine mabegani, sweta katikati. Nilimwona akigusa kiuno chake mara kwa mara, nikadhani tumbo linamsumbua kwa wasiwasi.

Utaratibu wa kumwandaa mpimwa una hatua saba, na mimi ndiye niliyeziandika kwenye ile karatasi iliyobandikwa ukutani. Hatua ya pili inasema: mpimwa avue nguo zake zote isipokuwa za ndani, avae gauni la maabara. Kwa wanawake, mkuu ndiye huwaongoza. Asubuhi ile mkuu alikuwa ameitwa kwenye mkutano ghorofa ya juu, na angerudi baada ya saa nzima.

Nilisimama mbele ya Mama, mlango wa ujiani nikiwa nimeuacha wazi, gauni lililokunjwa mikononi. Ni gauni fupi, linafungwa mgongoni kwa kamba mbili, na likifungwa vizuri bado linaonyesha magoti. Mdomo wangu ulikataa. Si suala la haya. Ningeweza kumwambia mwanamke yeyote Stockholm nzima avue nguo na nisifikirie mara mbili. Huyu hapana. Ningemwambia avue, ningekuwa nimemwambia kwamba hapa si mkwe wake, ni mtu tu mwenye koti jeupe. Na yeye jioni ingebidi arudi kuishi nyumbani kwa mtu huyo.

"Hapa nafanya nini?" aliuliza, macho sakafuni.

"Mama atavua viatu tu," nilisema. "Na saa kama anayo."

Nikaliweka gauni juu ya rafu. Nikajiambia kitenge ni pamba tu, pamba haizuii mionzi. Ni kweli haizuii. Nilikuwa nimejibu swali ambalo hatua ya pili haikuuliza.

Alilala kitandani, vitenge vyote vikiwa mwilini, mikono ubavuni. Nilimwonyesha kidude cha kusikilizana, nikafunga mlango. Mlango ule una uzito wa gari na unafungwa bila sauti. Kitanda kikaanza kutambaa polepole chini ya vigunduzi, kuanzia kichwani.

Dakika tano za kwanza mchoro ulikuwa wa kawaida. Potasiamu ilianza kuota. Penye sesiamu palikuwa na kivimbe kidogo, kama changu au kukizidi kidogo, na nikaanza kupumua. Dakika ya tisa tarakimu zilianza kukimbia. Nilidhani kompyuta imekwama na kujikwamua. Hapana. Kilele kilipanda hadi juu ya skrini, skrini ikajirekebisha yenyewe, kikapanda tena. Potasiamu, ambayo kwa kila mtu ndiyo mlima, ikawa kichuguu.

Sikuwahi kuona mwili wa namna ile. Sio kwa mwindaji, sio kwa mfugaji wa paa.

Simu ikatetemeka mezani. Mke wangu: *Vipi?*

Niliitazama. Nilishika kalamu, nikafanya hesabu pembeni ya daftari. Kama Mama ana kiasi hiki kwa sufuria ileile, na mke wangu anakula theluthi mbili ya anachokula Mama, kwa mwezi mzima... Hesabu niliifanya mara tatu. Jibu lilikuwa moja, na sikuweza kuliandika kwenye simu. Nikaigeuza kifudifudi.

Ikatetemeka tena. Sikuigusa.

Kitanda kilipofika mwisho nilifungua mlango. Mama aliketi, akajifunga vizuri kabla ya kunitazama, kisha akanitazama, na akaona.

"Iko mubaya," alisema.

"Tusubiri mkuu wangu, Mama."

"Mukwe. Iko mubaya?"

Alishuka, akavaa viatu vyake vya kanisani bila kuketi, akisimama kwa mguu mmoja na kushika ukuta wa chuma. "Nitaenda Södertälje kwa kijana wangu," alisema, akiuambia ukuta; kaka wa mke wangu anaishi mji huo. "Leo. Sitapika tena mu nyumba yenu."

Mkuu aliingia akiwa na kikombe cha kahawa, akamsalimia Mama kwa kichwa, akainama juu ya skrini. Aliusoma mchoro kama mtu anavyosoma ukurasa. Kisha hakuuangalia tena mchoro wa vilele. Alifungua mwingine, ule wa umbo, unaoonyesha mionzi imetoka sehemu gani ya mwili, kichwani hadi miguuni. Mimi nilikuwa sijaufungua.

"Sesiamu hukaa kwenye misuli," alisema. "Mapaja, mgongo, mabega. Ungetegemea mteremko. Hapa kuna nini?"

Hapakuwa na mteremko. Palikuwa na mkuki mmoja uliosimama kiunoni, upande wa kushoto.

"Alibadili nguo?" aliuliza.

Miaka minane sikuwahi kuulizwa swali hilo, kwa sababu miaka minane jibu lilikuwa moja.

"Hapana."

Alinigeukia. "Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu."

Alisubiri niendelee, kama mtu aliyepewa nusu ya sentensi. Kwangu sentensi ilikuwa imekamilika. Hatimaye alichukua gauni kutoka rafuni, akamshika Mama kiwiko, akamwongoza nyuma ya pazia. Mimi nilitoka nje na kusimama ujiani, nikiwa nimeupa mlango mgongo, na nikatafsiri kupitia ufa wake.

"Mwambie avue hii ya kiunoni."

"Mama, mkuu anaomba uvue kitenge cha kiunoni."

"Mwambie mwanamuke mwenzangu nimesikia. Mikono yake inasema. Weye angalia kule."

"Naangalia kule, Mama."

Kisha sauti ya mkuu, imebadilika: "Mwulize hiki ni nini."

"Hiki nini?" nilisema, bila kugeuka.

"Ah," alisema Mama. "Ni yake."

"Yake nani?"

"Ya mukubwa wako. Nilimuletea. Sasa ningekuja ku kazi ya mukwe wangu mikono mitupu? Ningekuwa mama ya namna gani? Nilisema nitamupa mwisho, tukiagana."

Nilitazama nyuma licha ya desturi. Kwenye kiganja cha mkuu palikuwa na ncha ya kitenge iliyofungwa fundo, na kutoka kwenye fundo kimechungulia kifuko cha nailoni kilichojaa uyoga mkavu, ule mzuri, uliochaguliwa mzima mzima. Wanawake wa kwao hufunga ndani ya fundo hilo kila kitu cha thamani. Alikuwa amelala nao kiunoni, chini ya vigunduzi nyeti kuliko vyote nilivyowahi kushika.

"Anasema ni zawadi yako," nilimwambia mkuu.

Mkuu aliupeleka mkono wake mbali na mwili, taratibu, akautazama uyoga. "Mwambie asante sana," alisema. "Na mwambie sitaula."

"Anasema asante, Mama. Anasema hatakula."

"Akule na karanga."

Kifuko kilitolewa chumbani. Mama alioshwa mikono, akavaa gauni, akalala. Safari hii mkuu ndiye aliyefunga mlango, na mimi niliketi mezani nikiwa nimeziba upande wa skrini ya kamera kwa daftari langu, nikiangalia tarakimu tu. Dakika ya tisa ilipita. Ya kumi. Potasiamu ikawa mlima. Sesiamu ilikuwepo, sikudanganyika, kubwa mara kadhaa kuliko yangu, imelala mteremko kutoka mabegani hadi mapajani kama inavyotakiwa. Alikuwa nayo kweli. Lakini ilikuwa ya mtu anayekula uyoga sana. Watu wa namna hiyo huja kwetu kila vuli, tunawapa karatasi ya ushauri, wanakwenda nyumbani kwao.

Ndipo mlango wa nje ukagongwa, na alikuwa mke wangu.

Alikuwa ametembea haraka kutoka stesheni, skafu mkononi, koti halijafungwa. Hakunisalimia.

"Ulinyamaza," alisema.

"Nilikosea kupima. Mama alikuwa na..."

"Nilikuandikia mara mbili. Ulinyamaza, Papa."

Nilimwonyesha michoro miwili, wa kwanza na wa pili, nikamweleza fundo, gauni, hatua ya pili, yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye karanga, pembe ya mdomo wake ilicheza, ikatulia.

"Kwa hiyo Mama anayo."

"Anayo. Si nyingi ya kutisha."

"Na mimi?"

"Nadhani unayo kidogo kuliko yake. Nadhani tu. Sijui."

Alivua koti, akalitundika juu ya koti langu. "Basi pima. Lakini ukiona kitu, unasema saa ileile. Usimalize kwanza. Usifikirie kwanza. Unasema."

Mama alikuwa ametoka nyuma ya pazia, amejifunga vitenge vyake vyote. Alimsaidia binti yake kuvaa gauni, akamfunga kamba za mgongoni mafundo mawili mawili, kisha akakaa kwenye kiti cha ujiani. Mkuu alinitazama, akatazama kidude cha kusikilizana, akakisogeza karibu yangu na kutoka nje kwenda kukaa na Mama.

Nilibonyeza kitufe na sikukiachia kwa dakika ishirini.

"Mlango umefungwa. Kitanda kinaanza kutembea. Sasa kiko kichwani. Naona potasiamu inaanza, hiyo ni ya viazi na maharage, kila mtu anayo."

"Endelea."

"Kiko mabegani. Sesiamu..." Mkono wangu ulitaka kuachia kitufe, nilihisi kidole kikinyanyuka. "Sesiamu ipo. Naiona. Kivimbe kidogo."

Nilisikia pumzi yake.

"Kidogo namna gani?"

"Imezidi yangu. Ya Mama inaizidi kwa mbali. Kiko kifuani. Inaongezeka polepole, namna inayotakiwa kuongezeka. Kiko tumboni."

"Hapo kuna nini?"

"Hapo ni sawa na kwingine. Hakuna mkuki."

"Na mtoto? Anayo?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa tangu Jumamosi. "Mashine haiwezi kuwatenga," nilisema. "Inawahesabu kama mtu mmoja. Lakini hesabu ya mtu huyo mmoja ni ndogo. Kama angekuja mgeni na karatasi hii, mkuu asingemwita kumwona. Angempa ushauri wa kumwaga maji tu."

Nikaendelea, nikamtajia magoti, nikamtajia vifundo vya miguu, nikamtajia kwamba nje mvua imeanza na Mama anajaribu kumfundisha mkuu kusema uyoga. Nilisema mpaka kitanda kikasimama.

Jioni ile Mama hakwenda Södertälje. Nilikuwa sebuleni niliposikia bomba la jikoni, kisha sauti ya maji mengi ya uyoga yakimwagwa kwenye sinki, na Mama akisema peke yake kwa Kishi, lugha ya kwao nisiyoielewa. Mke wangu alitafsiri kutoka kwenye kochi: anawaomba msamaha waliomfundisha kupika. Uyoga uliobaki kwenye kamba aliutia kwenye mfuko akauacha mlangoni mwa chumba changu, bila kubisha hodi, ili nikautupe inavyopaswa.

Daftarini niliandika: *Mpimwa hakubadili nguo. Kosa la mpimaji.* Siku hiyohiyo nilibadili karatasi ya ukutani. Hatua ya pili sasa inaongeza kwamba mpimaji mwenye udugu au ukwe na mpimwa asimpime, na mkuu alitia sahihi bila kuuliza tena.

Mke wangu alikuja kila mwezi baada ya hapo. Mwili wa mwanamke mjamzito huitoa sesiamu haraka kuliko wangu, nilikuwa nimesoma hivyo, lakini kusoma ni tofauti na kuona kilele kikizama mwezi baada ya mwezi. Kila mara mkuu ndiye aliyempima, na mimi nilishika kitufe na kusema nilichoona. Mara ya mwisho, tumbo likiwa limekaribia kugusa kigunduzi, nilimwambia pale pa sesiamu pamebaki tuta dogo ambalo asiyejua asingeliona.

"Weye unaliona?"

"Naliona."

"Basi liseme."

Nikalisema. Wiki mbili baadaye, katika hospitali moja ya jiji, mkunga aliongea bila kukoma kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliponyamaza ni kwa sababu mtoto alikuwa analia na yeye asingesikika.